Udongo wa Nyuma ya Jiko

Kiseke, Mwanza
Jumatano

Mama yangu Tereza,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa, miguu umeinyoosha, na si umeinama kwenye moshi. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Ngosha akuletee, unaitumia au umempa jirani kama ile ya kwanza? Huku kwetu sote ni wazima. Baba Princess anakuamkia sana. Bado yuko kwenye vizimba vya samaki, na kila jioni anarudi ananuka chakula cha samaki mpaka paka wa jirani wanamsindikiza hadi mlangoni. Mjukuu wako Princess hajambo kabisa. Narudia ili uyasome mara mbili, mama: hajambo kabisa. Homa imekwisha, anakula, anatembea kwa kushika ukuta, na juzi kajifunza kusema sitaki. Sasa kila kitu ni sitaki, hata akipewa kile alichokuwa anakililia.

Najua utashangaa kuona barua wakati simu ipo. Lakini simu yako unaiweka sauti ya juu na kaya nzima inasikiliza, pamoja na wapita njia. Halafu Jumapili iliyopita nilipoanza kukueleza ukasema eti mimi nami wachawi wameshanifunga ulimi ndiyo maana nawatetea, ukakata. Barua angalau haikatiki. Ngosha anakuja kesho kuleta nyanya sokoni, nitampa akuletee. Nimeigundisha kwa gundi, maana kaka yangu namjua, angeisoma njiani na kuihubiri kwenye bodaboda.

Ni yeye Ngosha aliyenipigia akanieleza yanayoendelea huko. Amesema Jumapili hii, mkitoka kanisani, wazee wa ukoo watakaa kwako na kumwita mama mdogo Suzana ajibu kuhusu udongo uliochimbwa nyuma ya jiko lako. Amesema vijana wameanza kumwita majina akipita kwenda kisimani, na kwamba kuna mtu alirusha jiwe juu ya bati lake. Jiwe, mama. Juu ya nyumba ya mjane wa baba mdogo, mwanamke uliyelima naye shamba moja tangu mimi sijazaliwa, ambaye moto wake ukizima anakuja kuchukua kaa kwako na wako ukizima unamtuma mtoto kwake. Mimi na wewe tunajua mwanamke wa umri ule, mwenye macho mekundu ya moshi wa jiko, anavyoweza kuitwa mchawi na kumalizwa mambo yakifika hapo. Wengine hawakungoja hata kikao kiishe. Kwa sababu hiyo nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika katikati.

Udongo ule niliuchimba mimi.

Nimeandika mstari huo peke yake ili usiupite. Ni mimi, Odeta, mwanao, kwa kijiko chako cha chai kile chenye mpini uliopinda. Hakuna aliyenituma kwa ubaya na hakuna aliyenifunga. Sasa utauliza, mtu mwenye akili zake anaenda kuchukua udongo wa nini, kwani huko Mwanza udongo umekwisha? Hapo ndipo itabidi nikueleze kazi yangu, ambayo kusema kweli sijawahi kukueleza vizuri. Nilikwambia naosha vyombo, wewe ukawatangazia watu kanisani kwamba niko hotelini, nami nikaacha iwe hivyo kwa sababu hoteli inaeleweka.

Vyombo ninavyoosha ni vya maabara. Ni chupa na visahani vya kioo, vinachemshwa kwenye sufuria kubwa la mvuke mpaka visiwe na hata punje ya uhai juu yake. Mwenye kazi ni kijana mmoja wa Kijaluo kutoka Rorya, anaitwa Jairo, mrefu mpaka anainama mlangoni, na ana tabia ya kusemezana na chupa zake. Siku yangu ya kwanza nilimsikia akiuliza kama wale wa dirishani wameshakula. Nikadhani ana watoto humo ndani. Kumbe anafuga fangasi. Usicheke mama. Ni ule ule ukungu unaoota kwenye ugali uliolala, ila yeye anatafuta ule unaoishi ardhini, anaulisha, anaupima, anauandikia tarehe ya kuzaliwa.

Nilimuuliza anapata faida gani. Akanieleza taratibu, hana dharau, na pale nisipoelewa anarudia kwa mfano mwingine. Alisema fangasi hana mdomo wala tumbo. Akikuta chakula kigumu, kama pumba au jani kavu, hawezi kukimeza. Anachofanya ni kutema kitu kama mate juu ya kile chakula, mate yale yanakilainisha huko huko nje mpaka kinakuwa maji matamu, ndipo anayanyonya. Hayo mate ndiyo wao wanayaita kimeng'enya. Jairo anatafuta fangasi mwenye kutema kwa wingi, ili siku moja mate yake yalainishe pumba za mpunga na maganda ya muhogo, samaki na kuku waweze kula vitu ambavyo sasa vinawapita tumboni bure. Baba Princess aliposikia habari hiyo akataka nimwamkie Jairo kila asubuhi kwa niaba yake, maana huko kwenye vizimba kinachowatoa jasho siyo samaki, ni chakula cha samaki.

Sasa kuna jambo lililonishangaza, na nalifikiria sana nikiwa naosha. Fangasi wale wanapewa vyakula tofauti. Wapo wanaopewa sukari tupu, wapo wa pumba, wapo wa pumba zilizonyunyiziwa urea kidogo, ile ile mnayotupia mahindi. Wiki ile ya kwanza wale wa sukari waliota vizuri kweli kweli, weupe, wanene, wamejaa chupa nzima kama pamba iliyochambuliwa. Nikamwita Jairo kwa furaha aje aone wanavyonawiri. Akawatazama, akaguna, akasema wamenenepa ndiyo, tuone kama wana kazi.

Namna ya kuwajaribu ni hivi. Anachukua yale maji waliyoishi ndani yake, anadondoshea kwenye kisahani cha uji wa wanga uliogandishwa, anakiacha, halafu anamwaga iodini juu yake. Unaikumbuka, ile ya rangi ya chai iliyokolea. Mwalimu wetu wa darasa la sita aliidondoshea kiazi mbele yetu kikageuka buluu karibu na cheusi, tukapiga kelele kama tumeona shetani. Basi kisahani kizima kinakuwa cheusi, isipokuwa pale ambapo mate ya fangasi yamekula wanga. Hapo panabaki duara jeupe, safi, unaona mpaka upande wa pili. Maji ya wale wanene wa sukari hayakuacha duara. Cheusi tupu! Ya wale wa pumba, ambao kwa macho walikuwa wamekonda na rangi kama ya majivu, yakaacha duara pana.

Nilimuuliza Jairo inakuwaje. Akasema yule wa sukari ameshapewa chakula kilichokwisha kutafunwa, sasa ateme mate ya nini? Yule wa pumba akikaa bure anakufa njaa, kwa hiyo anatema. Nikasema basi wote wapewe pumba tu, wateseke, tupate mate. Akacheka, akasema mimi ningekuwa bwana jela mzuri. Pumba peke yake nazo hazitoshi, alisema, kwa sababu hayo mate yanajengwa kwa kitu ambacho kwenye pumba ni kichache na kwenye urea kipo. Ukiweka kidogo, duara linapanuka. Ukizidisha, linasinyaa tena. Kazi yake yote ya mwaka mzima ni kutafuta hapo katikati, na fangasi mmoja hapo pake si pa mwenzake.

Ndipo ukaja huo mwezi wa Pasaka. Jairo alituambia sote tunaokwenda nyumbani kwamba, kama hatutajali, tumletee udongo kidogo kutoka mahali ambapo pumba zimemwagwa na kuoza miaka mingi. Hakutaka wa shambani wenye mbolea. Mama, mimi nilipaona hapo hapo kichwani kabla hajamaliza kusema. Nyuma ya jiko lako, karibu na kinu, pale unapopepetea, ambapo bibi naye alipepetea. Udongo wa pale ni mweusi na unanuka kama mkate.

Nilipokuja, asubuhi moja ulikwenda kisimani. Nilikuwa na chupa ya jamu niliyoichemsha huku huku. Nikakwangua juu, nikachimba kama kina cha kidole, nikaijaza, nikafunika. Princess alikuwa analia mkekani, kwa hiyo kashimo sikukafukia vizuri. Kwa nini sikukuomba? Kwa sababu nilijua utaniuliza udongo wa kaya unatolewa uende kwa nani, nami nikisema kwa Mjaluo anayelisha ukungu, ungekuja na mwiko mpaka stendi. Nikaona ni kitu kidogo. Nikaona hutagundua.

Wala sikujua ulichozika pale. Mama, naapa. Kitovu cha Princess kilipodondoka ulikichukua ukatoka nacho peke yako, kama inavyotakiwa, na mimi sikuuliza. Nilijua kiko mahali salama, basi. Ningejua kuwa ni pale karibu na kinu nisingepagusa hata kwa kijiti. Nimekwenda kwa mkono wangu nikachimba palipo na mwanangu mwenyewe, na aliyekificha kitovu hapo alikificha ili watu kama mimi wasipajue.

Nakwambia pia udongo huo ulifika wapi, ili usibaki na picha ya kitambaa cheusi na mafundo. Jairo aliutikisa na maji, akadondosha kwenye visahani, akaandika juu yake Bujora, jina la kwetu, kama anavyoandika vingine Ukerewe na Sengerema. Vikaota vya kijani, vyeusi, na kimoja cha rangi ya ndevu za mahindi, kifupi, hakina umbo la kujivunia. Tulipokijaribu na pumba na ile urea kidogo, duara lake lilikuwa pana kuliko yote niliyowahi kuosha. Jairo akanipigia saluti. Akasema nimfikishie mama salamu, kwamba yeye yuko tayari kuja kuposa hata kama mabinti wameisha. Nikamwambia mama yangu akikujua utarudi Rorya kwa miguu. Lakini akaniasa nisijisifu bado, kwa sababu inabidi kurudia tena na tena, na mengi yanayong'aa mara ya kwanza yanazimika ya pili. Nakwambia kama alivyoniambia. Udongo uliobaki uko kwenye friji, kwenye ile ile chupa ya jamu. Hakuna aliyeukanyaga wala kuusemea maneno.

Sasa mama nimefika mahali pagumu.

Uliponipigia unalia, ukasema kuna mtu amechimba nyuma ya jiko na kitovu cha mtoto kiko pale, jibu nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema tu, mama, ni mimi, tulia. Badala yake niliguna kwenye simu kama mtu asiyesikia vizuri. Niliogopa. Nilikuwa nimejua sekunde ile ile kwamba nimechimba palipo na mtoto wangu, na nikaona aibu. Nikajiambia nitakueleza nikija. Wiki hiyo hiyo Princess akashikwa na homa, wewe ukaenda kwa mganga, naye akakwambia ni mwanamke wa ndani ya kaya. Hata hapo neno langu moja lingetosha. Kila siku niliyokaa kimya nilikuwa nalisha kile kitu, nacho kikazidi kuota, mpaka sasa kinarusha mawe.

Lakini hayo bado siyo niliyokusudia kukuambia. Ninalotaka kukuambia sijamwambia hata baba Princess.

Siku nilipompeleka Princess hospitali, tulikaa kwenye benchi, jua la saa sita, mtoto ana moto kama jiwe la mafiga, anapumua haraka haraka kifuani kwangu. Simu ikaita. Nikatazama, mama mdogo Suzana. Mama, asubuhi hiyo nilikuwa nimeosha kisahani chenye udongo ule. Nilijua uko wapi, nani kauchimba, kwa kijiko gani. Pamoja na kujua yote hayo, nilipoona jina lake, nilimwogopa. Nikajiuliza amejuaje kwamba mtoto anaumwa. Nikayaona macho yake. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye kanga mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Nesi mmoja akaniuliza mbona sipokei, nikamjibu kuwa ni mtu amekosea namba.

Daktari alisema ni homa ya mapafu, wakamchoma sindano, tukalala pale wodini mpaka ikashuka. Baadaye ndipo Ngosha alinieleza kwamba habari za ugonjwa ni wewe mwenyewe uliyempa mama mdogo, mkiwa kisimani, kabla hujaenda kwa mganga. Alikuwa anapiga kuuliza hali ya mtoto, kama ambavyo angepiga mtu yeyote wa kwetu.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kama msichana aliyekwenda mjini akaerevuka, anataka kumfundisha mama yake. Mimi nilikuwa na chupa mikononi na bado niliogopa. Wewe uliona shimo tu, na mjukuu anaungua kwa homa. Sikulaumu hata kidogo. Nafikiri woga huu tumeukuta tulipozaliwa, tumeunyonya pamoja na maziwa, na sijui kama kuna sabuni ya kuutoa. Lakini naona mtu anaweza kuogopa na bado akapokea simu. Nataka Princess akue akiliona hilo kwetu sisi wawili.

Jana nikajikaza nikampigia mama mdogo. Alipokea kabla haijaita vizuri. Hata sijamwamkia akauliza kama mtoto ameanza kula. Nikamwambia anakula, halafu nikamwambia yote, kijiko na chupa na kimya changu, na ile siku ya benchi pia. Kisha akasema kwamba amenisikia, na kwamba mimi ni mtoto, hana neno na mimi. Lakini alisema yeye hakugombana na mtoto. Anataka aambiwe na wewe mwenyewe.

Nitafika Jumamosi na Princess mgongoni, na ile chupa ya udongo nimeiomba kwa Jairo. Jumapili nitasimama mbele ya wazee niseme, hata wakinicheka, hata wakinitoza mbuzi. Hilo nimeshaamua. Ila sitaki wasikie wao kwangu kabla yeye hajasikia kwako. Nikisimama mimi kwanza, wewe utakuwa mama aliyesahihishwa na mwanawe mbele ya watu, na hiyo itakuuma mpaka kaburini, nakujua. Naye atakuwa mwanamke aliyesamehewa na kikao, wakati hana kosa la kusamehewa. Na wale vijana wa mawe, wakikuona wewe umeingia nyumbani kwake kwa miguu yako mchana kweupe, watatulia kuliko wakisomewa maamuzi ya wazee kumi.

Huna haja ya kumweleza habari za fangasi. Mwambie ni Odeta, yule mjinga wako, amechimba bila kuomba. Nitukane utakavyo mbele yake, mcheke pamoja, mimi niko mbali sitasikia. Asipokufungulia, kaa nje mlangoni, goti lako likiuma kaa hivyo hivyo. Siku hizi hatoki kwa sababu ya mawe, kwa hiyo utamkuta.

Naishia hapa maana Princess ameamka na ameanza sitaki zake. Baba Princess anasema mzee wa gari la mkaa akipita huko atakutumia samaki wabichi. Msalimie Ngosha na mkewe, uwasalimie na majirani wa upande wa kanisani, na mama mchungaji. Salamu hizo zote zinaweza kusubiri, nitazigawa mwenyewe Jumamosi. Ya mama mdogo Suzana tu ndiyo nakuomba uipeleke wewe, leo hii, kabla jua halijazama.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Odeta
(Mama Princess)